Shamba la kujichumia bluberi

Shamba la kujichumia bluberi ni shamba la matunda ambalo mwenyewe hulifungua kwa wageni wakati wa mavuno ili wachume bluberi kwa mikono yao na kulipia kiasi walichochuma kabla ya kuondoka. Mashamba ya namna hii ni ya kawaida nchini Marekani na Kanada, ambako ndiko asili ya mmea wenyewe, na yapo pia katika nchi kadhaa za Ulaya. Makala hii inahusu hasa mashamba ya Marekani.

Katika utaratibu huu mgeni hufanya kazi ambayo vinginevyo mkulima angewalipa vibarua waifanye. Kwa kawaida hupata matunda mabichi kabisa kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani. Mkulima naye hupunguza gharama za kuchuma, kufungasha na kusafirisha, ila mavuno yake yote yanategemea kama watu watakuja, na kama watachuma vizuri.

Mmea na tunda

Mbluberi ni kichaka cha jenasi Vaccinium katika familia Ericaceae. Tunda lake ni dogo na la mviringo, lenye ganda la buluu lililofunikwa na utando mwembamba wa nta, hivyo huonekana kama limepakwa unga. Kwa rangi ya ganda linaweza kufananishwa na zambarau, lakini bluberi ya shambani ni ndogo zaidi, nyama yake ni nyeupe au ya kijani hafifu, na haina kokwa. Mbegu zake ni ndogo sana na huliwa pamoja na tunda.

Spishi tatu ndizo zinazovunwa zaidi Marekani:

- Mbluberi mrefu (Vaccinium corymbosum) hufikia kimo cha mita 1.5 hadi 2.5. Mashamba mengi ya kujichumia katika majimbo ya kaskazini hupanda huu, kwa kuwa mtu mzima huchuma akiwa amesimama na mtoto hufikia matawi ya chini.
- Mbluberi mfupi (Vaccinium angustifolium) hutambaa karibu na ardhi na mara nyingi haufiki sentimita 60. Huota wenyewe katika jimbo la Maine na mashariki mwa Kanada, na huvunwa kwa chombo chenye meno kama kitana.
- Mbluberi wa kusini (Vaccinium virgatum) huvumilia joto, na hupandwa katika majimbo kama Georgia.

Mmea huu huhitaji udongo wenye asidi, wenye pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi, ambamo mazao mengi mengine hayastawi. Mizizi yake haiendi chini sana na haina vinyweleo vya kunyonya maji kama mimea mingine. Husaidiwa na kuvu wanaoishi ndani yake. Kwa sababu hiyo wakulima huweka matandazo ya vumbi la mbao au vipande vya miti kuzunguka shina na kumwagilia mara kwa mara. Mbluberi mrefu wa kaskazini huhitaji pia majira ya baridi yenye saa 800 hadi 1,000 za ubaridi ili uchanue vizuri.

Kishada kimoja cha bluberi hakiivi kwa pamoja. Katika siku moja huweza kuwa na tunda la kijani, la waridi, jekundu na la buluu, kwa hiyo kila kichaka hurudiwa mara kadhaa katika msimu. Mashine za kuvunia hutikisa kichaka na kuangusha mabichi pamoja na yaliyoiva, tena huyachubua. Matunda yanayovunwa hivyo hupelekwa zaidi viwandani. Jicho na vidole vya binadamu huchagua vizuri zaidi, na ndiyo maana zao hili limefaa sana utaratibu wa kujichumia.

Historia

Wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini walichuma bluberi za porini karne nyingi kabla ya kufika kwa Wazungu. Walizila mbichi, walizikausha kwa ajili ya majira ya baridi, na katika maeneo ya Maine Wawabanaki walichoma nyika kwa vipindi ili vichaka vichipue upya. Hadi leo mibluberi mifupi ya Maine huchomwa au kufyekwa baada ya mavuno na kuvunwa kila mwaka wa pili.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wengi waliamini kwamba mbluberi hauwezi kupandwa shambani. Frederick Vernon Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alichunguza mahitaji yake na mwaka 1910 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba siri ilikuwa asidi ya udongo. Elizabeth Coleman White, binti wa mkulima wa Whitesbog katika jimbo la New Jersey, alisoma kazi hiyo na mwaka 1911 akaanza kushirikiana naye. White aliwalipa wakazi wa misitu ya jirani watafute vichaka vya porini vyenye matunda makubwa, naye Coville akavizalisha kwa kuvichanganya. Mavuno ya kwanza ya kuuzwa yalipatikana Whitesbog mwaka 1916. Mwaka 2003 bluberi ya kichaka kirefu ilifanywa tunda rasmi la jimbo la New Jersey.

Desturi ya kuwaalika wanunuzi wachume wenyewe ilienea Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Bei ya matunda ilikuwa ndogo kiasi kwamba mara nyingine haikutosha kulipa wachumaji na masanduku. Kuenea kwa magari kuliwawezesha watu wa mijini kufika mashambani. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhimiza wakulima kuuza moja kwa moja kwa walaji, na kujichumia ni mojawapo ya njia hizo.

Maeneo na msimu

Msimu hufuata joto, kutoka kusini kwenda kaskazini. Florida huanza kuvuna katika majira ya kuchipua, na Georgia hufuata. New Jersey huvuna kuanzia katikati ya Juni hadi Julai au Agosti mwanzoni. Michigan huanza Julai na kuendelea hadi Septemba, na bluberi fupi za Maine huiva Agosti. Mji wa South Haven, Michigan, hufanya tamasha la bluberi kila mwaka mwezi wa Agosti.

Ili kurefusha msimu, mkulima hupanda aina zinazoiva kwa kupishana. Duke huwahi, Bluecrop huiva katikati, na Elliott huchelewa. Mvua, joto kali au baridi ya ghafla wakati wa maua huweza kubadili tarehe hizi, hivyo wageni hushauriwa kuuliza shambani siku hiyohiyo kabla ya kusafiri. Shamba lililochumwa sana mwishoni mwa juma huweza kufungwa siku mbili tatu ili matunda mengine yaive.

Utaratibu wa ziara

Mgeni akifika hupewa ndoo, au ndoo aliyokuja nayo hupimwa ikiwa tupu ili uzito wake usihesabiwe. Kisha huonyeshwa mstari wa kuchuma, na mara nyingi bendera ndogo huwekwa pale alipoishia. Mpango huu una sababu. Watu wakiachwa waende popote, kila mmoja hutafuta matunda makubwa yaliyo mbele ya macho, na yale ya katikati ya kichaka huachwa yaoze.

Malipo huwa kwa uzito, ambao Marekani hupimwa kwa ratili (takriban gramu 454), au kwa ujazo wa ndoo. Mashamba mengine hutoza pia kiingilio. Kuonja tunda moja moja wakati wa kuchuma huruhusiwa na wakulima wengi, lakini kula hadi kushiba bila kulipa huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Kiingilio ni njia mojawapo ya kufidia kinacholiwa shambani.

Namna ya kuchuma

Saa za asubuhi, umande ukishakauka, ndizo bora. Matunda yaliyolowa huharibika haraka, na yaliyochumwa juani mchana huwa laini. Ndoo hufungwa kiunoni kwa mkanda au kamba ili mikono yote miwili iwe huru. Mchumaji hushika kishada kwa kiganja na kuviringisha matunda kwa kidole gumba. Yaliyoiva hudondoka yenyewe, na mabichi hubaki.

Rangi ya buluu peke yake haitoshi. Tunda lililogeuka buluu leo huendelea kuongeza utamu kwa siku chache likiwa bado mtini. Likiwa na duara jekundu kuzunguka kikonyo bado ni chachu, na likishachumwa halitaongeza sukari tena. Hili ndilo kosa kubwa la wanaochuma kwa mara ya kwanza: huhama haraka kutoka kichaka hadi kichaka wakichukua kila kilicho buluu, badala ya kutulia kwenye kichaka kimoja na kutafuta yaliyojificha chini ya majani.

Kichaka kilichokomaa huweza kutoa kilogramu 3 hadi 4 au zaidi kwa msimu. Ndoo haipaswi kujazwa kwa kina kirefu, kwa kuwa matunda ya chini hupondeka. Matawi hayavutwi kwa nguvu, kwani machipukizi ya matunda ya mwaka unaofuata hukua juu ya matawi hayohayo.

Faida na hatari kwa mkulima

Mkulima anayefungua shamba huepuka gharama kubwa ya vibarua wa msimu na hupokea fedha taslimu papo hapo. Wengi huongeza kipato kwa kuuza jamu, asali au maandazi ya bluberi langoni. Hata hivyo mbluberi huchukua miaka 3 kabla ya kutoa mavuno ya kuridhisha na miaka 6 hadi 8 kufikia ukomavu, hivyo fedha na kazi nyingi hutangulia mapato. Mvua ikinyesha mfululizo katika wiki za kilele, wageni hawaji, lakini matunda hayasubiri.

Matunda yanayobaki vichakani huleta hasara nyingine. Nzi aitwaye Drosophila suzukii, mwenye asili ya Asia ya Mashariki, alionekana katika bara la Marekani mwaka 2008 na akaenea haraka. Nzi wengine wa matunda hupendelea yaliyooza, lakini jike wa spishi hii hutoboa tunda zima linaloiva na kutaga mayai ndani yake. Kinga muhimu ni kuchuma mara kwa mara na kutoacha matunda yaliyoiva zaidi, jambo ambalo ni gumu pale wachumaji wanapokuwa wageni wa siku moja. Ndege, hasa kwezi, nao hula sana, na wakulima hufunika mistari kwa nyavu.

Uchavushaji pia hugharimu. Maua ya mbluberi yana umbo la kengele, na nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi Bombus huyatikisa vizuri kuliko nyuki wa asali. Pale wanapokuwa wachache, mkulima hukodi mizinga.

Usalama na usafi

Wageni hutakiwa kunawa mikono kabla ya kuchuma, na wanyama wa kufugwa kwa kawaida hawaruhusiwi kati ya mistari. Sehemu iliyonyunyiziwa dawa hufungwa mpaka muda uliowekwa upite. Viatu vilivyofungwa, kofia na maji ya kunywa ni muhimu, kwa sababu kuna nyigu, kupe na jua kali. Ngurumo zikisikika, wachumaji huondoka shambani mara moja. Katika baadhi ya majimbo sheria hupunguza dhima ya mkulima kwa ajali za wageni, ikiwa ameweka tangazo la tahadhari.

Kuhifadhi

Bluberi hazioshwi mpaka zitakapotumiwa, kwa kuwa maji huondoa nta na kuharakisha ukungu. Katika jokofu hukaa siku 7 hadi 10 hivi. Kwa kuzigandisha, hutandazwa kwanza juu ya sinia ndani ya friza zisishikamane, kisha hutiwa mfukoni. Gramu 100 za bluberi mbichi zina maji gramu 84 hivi, nishati ya kilokalori 57, na vitamini C na K.

Uhusiano na Afrika

Afrika ina spishi zake za jenasi hii. Vaccinium stanleyi huota katika nyanda za juu za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mbluberi wa Kiamerika hupandwa Kenya, pamoja na kaunti ya Murang'a, ambako hulimwa kwa biashara na kuuzwa nje ya nchi. Aina zinazofaa nchi za joto ni zile zilizozalishwa ili zihitaji saa chache za ubaridi. Florida ni mojawapo ya mahali kazi hiyo ilipofanyika.

Michigan na Maine, majimbo yanayojulikana kwa bluberi, yana pia wakazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.