Asa Gray na Undugu wa Mimea

Vijana wetu wa sekondari hurudi nyumbani wakiwa na swali ambalo wazee wengi tunalikwepa: je, mtu anaweza kukubali mageuko ya viumbe na bado akamwamini Mungu Muumba? Mara nyingi tunawajibu kana kwamba swali hili limezuka jana, tena kana kwamba wasomi wote walikuwa upande mmoja na waumini wote upande mwingine. Historia haisemi hivyo. Mtetezi mkuu wa kwanza wa Charles Darwin nchini Marekani alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea.

Asa Gray alizaliwa mwaka 1810 katika jimbo la New York, mtoto wa mtengeneza ngozi. Alihitimu udaktari mwaka 1831, lakini hakudumu na wagonjwa, mimea ilimvuta zaidi. Alikwenda kufanya kazi na mtaalamu John Torrey, akaishi katika nyumba yake, nyumba ya watu wa sala, na ni katika miaka hiyo imani yake mwenyewe ilikomaa. Mwaka 1842 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Huko ndiko alikofia mwaka 1888.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya uvumilivu. Wasafiri na wapima ardhi walimletea mimea iliyokaushwa na kubanwa kwenye karatasi, naye akailinganisha jani kwa jani na ua kwa ua, akaipa majina. Mkusanyiko aliokabidhi chuo mwaka 1865 ulikuwa na mimea kama 200,000. Mpita njia angedhani ni kazi ya karani tu.

Lakini karatasi hizo zilimfunulia jambo. Mimea mingi ya Japani ilikuwa na ndugu zake wa karibu mashariki mwa Marekani, wala si magharibi, ingawa magharibi ndiko kunakotazamana na Japani ng'ambo ya bahari. Jinsengi iko hivyo, na magnolia vilevile. Mwaka 1859 Gray alieleza sababu: zamani misitu ya aina moja ilizunguka pande zote za kaskazini ya dunia, kisha baridi kali ya zama za barafu ikaisukuma kusini na kuitenganisha. Hivyo mimea iliyo mbali kiasi hicho ilitoka kwa wazazi wamoja.

Hapo akagongana na mwenzake wa Harvard, Louis Agassiz, mtoto wa mchungaji na mwanasayansi mwenye sifa kubwa. Agassiz alifundisha kwamba kila spishi iliumbwa mahali pake, haina uhusiano wa damu na nyingine. Ukiisikiliza harakaharaka, ni kauli ya mcha Mungu. Ila Agassiz aliipeleka mpaka kwa wanadamu, akisema kwamba weusi na weupe nao walikuwa na asili mbalimbali, na watetezi wa utumwa wakayafurahia mafundisho hayo. Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Yule aliyeonekana kulinda uumbaji ndiye aliyeivunja familia ya Adamu, na yule aliyekubali mageuko ndiye aliyebaki na ukoo mmoja wa wanadamu. Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, Gray aliunga mkono upande wa Kaskazini kwa moyo wote.

Darwin alimwamini mapema. Mwaka 1857 alimwandikia barua yenye muhtasari wa nadharia yake, na sehemu ya barua hiyo ilisomwa London mwaka 1858, nadharia ilipotangazwa kwa mara ya kwanza. Kitabu kilipotoka, Gray alikitetea kwa makala, akisisitiza kwamba kujua njia ambayo viumbe wamepitia hakumwondoi aliyekusudia wawepo.

Darwin hakuweza kumfuata huko. Mwaka 1860 alimweleza Gray kwamba mateso yaliyomo duniani yanamtatiza, akitaja nyigu ambao watoto wao hula kiwavi angali hai. Gray alipopendekeza kwamba huenda mabadiliko ya viumbe yanaongozwa kuelekea mema, Darwin alimpinga waziwazi mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1868. Kwa maoni yetu, swali la nyigu Gray hakulimaliza, na wahubiri wetu nao hawajalimaliza. Yeye aliendelea kuikiri imani ya Nikea, na mwaka 1876 aliandika hivyo hadharani, katika kitabu kilekile alichojiita mfuasi wa Darwin.

Urafiki wao haukuvunjika. Mwaka uleule wa 1868 Gray na mkewe Jane walivuka bahari, wakawa wageni nyumbani kwa Darwin. Miaka 9 baadaye Darwin alitoa kitabu kuhusu maumbo mbalimbali ya maua, akakitabaruku kwa Asa Gray.