Nani Alipe Ada? Historia Fupi ya Deiwaka wa Kompyuta

Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kila siku za ofisi ilimilikiwa na wauza chai na keki. J. Lyons & Co. ya London, kampuni iliyokuwa na migahawa ya chai sehemu nyingi za Uingereza, ilijitengenezea mashine yake yenyewe, ikaiita LEO, na Novemba 1951 ikaanza kuitumia kupiga hesabu za mikate na keki. Baadaye ikaingiza mishahara ya wafanyakazi.

Sasa jiulize: waandishi wa programu walitoka wapi? Hawakuwepo. Hakukuwa na chuo cha kuwatoa wala cheti cha kuwapima. Kampuni ikawatazama watu wake wa ofisini, ikachagua wenye kichwa chepesi, ikawafundisha. Mmoja wao alikuwa Mary Coombs, mwanamke aliyesomea Kifaransa chuo kikuu (watu wa lugha, mpo?). Aliingia kwenye kozi ya kampuni mwaka 1952 na leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Kule Marekani nako IBM ilitunga mtihani wake wa kupima vipaji mwaka 1955. Uliangalia kama mtu anaweza kufikiri kwa mpangilio. Akifaulu, mengine angefundishwa kazini.

Nalitaja hili kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta wa mikataba, na swali linalonikosesha usingizi ni la ada. Serikalini wanaiita sekta yetu TEHAMA. Mtaani naona neno linalotufaa zaidi ni deiwaka, yule anayeshika usukani wa daladala mwenyewe akipumzika. Siku yake ikiisha anashuka, na leseni yake anaihuisha kwa hela yake.

Mtu aliyeifanya kazi ya aina hii iwe ya heshima ni Stephanie Shirley. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, na mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipakiwa kwenye treni pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Wanazi. Akakulia Uingereza, akafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, kisha kwenye kampuni ya kompyuta. Kote huko aligongana na ukuta ule ule: mwanamke anafika hapa, hapiti. Mwaka 1962 akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake mezani kwake nyumbani kwa mtaji wa pauni 6. Akaiita Freelance Programmers.

Watu walimcheka. Programu wakati ule zilikuja bure pamoja na mashine, sasa nani anunue programu peke yake, tena kwa mwanamke? Barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia saini jina la Steve. Hapo milango ikafunguka. Mteja akipiga simu nyumbani, Shirley alifungulia kanda yenye milio ya mashine za kuchapa, ili watoto wasisikike na paonekane ofisi. Nacheka kila nikikumbuka, maana na mimi nimewahi kufanya mkutano na mteja nikiwa ndani ya gari, nimepandisha vioo ili jogoo wa jirani asisikike.

Aliowaajiri ndio kiini cha habari. Walikuwa wanawake waliokuwa na ujuzi tayari, wakaacha ajira kwa sababu ya ndoa au watoto. Kwa soko la wakati ule hao walikuwa wamekwisha: ukikaa nje miaka miwili mitatu, mashine zimebadilika. Shirley akawapelekea kazi nyumbani. Waliandika programu kwa penseli kwenye karatasi, wakazituma kwa posta zikatobolewe kwenye kadi. Miongoni mwa kazi zilizopita mikononi mwao ilikuwa programu ya kinasa safari cha ndege ya Concorde. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu, hadi sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia ya mwaka 1975 ilipomlazimu kuajiri wanaume pia. Kwa macho yangu, kikubwa alichowapa wanawake wale, zaidi hata ya mshahara, kilikuwa kazi halisi ya kuwaweka wakali. Kisu kinanolewa kikiwa kinatumika. Baadaye akawagawia na hisa, na kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 1996, 70 kati yao wakawa mamilionea.

Huku kwetu hadithi ilikwenda njia nyingine. Tanganyika ikiwa imeshaungana na Zanzibar, mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ya kampuni ya Kiingereza ya ICT. (Mwaka 1968 ICT iliungana na wenzake kuwa ICL, na ndani ya muungano huo ndimo ilimoishia ile LEO ya wauza chai. Dunia ndogo.) Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Mfumo wa hesabu za Hazina ulikuwa umeharibikiwa, fedha za kigeni zilikuwa zinateketea, na wataalamu wengi walikuwa wageni.

Wengi wakilisikia hili wanacheka, wanasema Ujamaa huo. Mimi sicheki sana. Serikali iliona sawasawa kwamba imenunua mashine bila kununua ujuzi. Ila dawa iliyochagua iliua na ule ujuzi mchache uliokuwa umeanza kuota, kwa sababu kijana asiyeweza kuigusa mashine hawezi kuijua. Masharti yalikuja kulegezwa, kompyuta ndogo za mezani zikaingia, na Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Mimi nilianza kazi mwaka huo. Tulikuwa tunafunga seva chini ya meza za wahasibu, karibu na ndoo ya kufagilia.

Wahasibu wale wale sasa wanahamia kwenye klaudi, yaani seva ipo Cape Town au Ireland na hakuna tena cha kufunga chini ya meza. Mteja wangu mkubwa amenipa taarifa kwa adabu kabisa: mkataba ujao utahitaji cheti cha klaudi. Ada yangu, muda wangu, bando langu. Vyeti vingi vya fani hii vina tarehe ya kufa. Cha CCNA, kwa mfano, huishi miaka 3 tu. Lyons ilimlipa Mary Coombs mshahara huku akijifunza. Siku hizi mzigo ule ule umehamishiwa mgongoni kwa deiwaka, na hamisho hilo limefanyika kimya kimya kiasi kwamba vijana wanaona ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Wapo wanaoniambia nitulie, vya kale hurudi. Wananitajia Aprili 2020, gavana wa New Jersey alipoomba hadharani wajitolee watu wanaojua COBOL, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1959, kwa sababu mifumo ya mafao ya wasio na ajira ilikuwa imezidiwa na maombi wakati wa korona. Kweli ilitokea. Lakini soma vizuri: aliomba wa kujitolea. Hiyo siyo pensheni ya kuitegemea.

Nilichofanya nimekiiba kwa Shirley. Tuko wanne, wote wa mikataba, tunagawana kazi ndogo ndogo. Binti mmoja mwenye miaka 24 anaijua klaudi kama kiganja chake, lakini hajawahi kuona mishahara ya watu 400 ikifungwa mwisho wa mwezi huku mhasibu mkuu amesimama nyuma ya kiti. Yeye ananifundisha Jumamosi, mimi namfundisha Jumapili. Hatulipani.

Mkataba wangu unaisha Juni. Mtihani nimejiandikisha kwa Agosti.