Mafuta ya Pupa

Mjukuu wangu anayesomea mambo ya petroli alinichorea mchangani, hapa Nachingwea, kisima kinachoshuka wima kisha kikalala ndani ya mwamba. Nikamwuliza, kwa nini wasichimbe chini tu, yakatoka?

"Babu, mafuta mazito hutembea kama asali, na maji yaliyo chini yake hayana uzito huo. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, maji huinuka kama kichuguu yakakuwahi."

Kisima kilicholala hugusa mwamba kwa urefu mkubwa, hivyo huweza kuvuta taratibu na bado kikatoa mengi. Ndivyo walivyofanya Venezuela, kwenye mafuta ya Orinoco, tangu miaka ya 1990. Lakini nacho kina ugonjwa wake: mvuto huwa mkali pale kinapopinda, na maji hupenya hapo kwanza. Basi mafundi huweka vizuizi bombani ili sehemu ya karibu isinywe kuliko ya mbali.

Nilicheka peke yangu. Mafuta yaliyotafutwa kwetu kwa pupa yalikuwa ya karanga. Mwaka 1946 tume ya Wakefield ilizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9, ikarudi na hesabu ya zaidi ya ekari milioni 3 ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Huku kusini pori lilianza kung'olewa kabla ya reli kufika. Reli ya kutoka Mkwaya ilifika Nachingwea mwaka 1949, na bandari ya Mtwara ikawa tayari mwaka 1954, mpango wenyewe ukiwa umeshaachwa tangu 1951. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Marehemu baba, aliyekuwa kibarua wa visiki, alisema trekta zilikuwa na haraka kuliko mvua.

Waganda waligundua mafuta kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, tena yenye nta, ya kuganda yasipopashwa moto. Visima vya uzalishaji vilianza kuchimbwa mwaka 2023. Miaka 17! Mimi nikaisifu subira hiyo mbele ya rafiki yangu wa Ruangwa, ambaye shamba lake limepimwa kwa ajili ya madini ya kinywe na fidia hajaiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "wakati wao wanapima, mimi nipande mihogo au nisipande?"

Sikuwa na jibu. Msimu ule hakupanda.