Yah: Ombi la Kutohamishwa

Barua ya wananchi kwa mbunge ina sura yake, na kwetu Kibaoni hata asiyejua kusoma anaitambua kwa mbali. Juu kulia anwani na tarehe. Kushoto, "Mheshimiwa Mbunge", chini yake K.K., yaani inapita kwa mtendaji wa kijiji, halafu diwani. Kisha YAH kwa herufi kubwa, na mstari uliopigwa kwa rula. Aya ya kwanza lazima ianze na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwisho kuna orodha: jina, kitongoji, sahihi, na kwa wasioandika, dole gumba lililochovywa kwenye kidau cha wino wa muhuri. Bila muhuri wa mtendaji, karatasi hiyo ni porojo tu.

Nimeandika barua hizo tangu nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilipostaafu zikawa ndiyo kazi. Kisima kimekauka, zahanati haina dawa, tembo wametoka Hifadhi ya Katavi wakalala kwenye mahindi, ng'ombe wamemaliza mpunga wa mtu. Biashara ilinona kuanzia Februari 2008, Mizengo Pinda, ambaye nyumbani kwao ni hapa Kibaoni, alipokuwa Waziri Mkuu. Watu wakaanza kuja kutoka Sitalike, Mpanda mjini, hata Mishamo, wakiamini kwamba barua iliyoandikiwa Kibaoni hufika haraka kuliko iliyoandikwa kwingine. Sikuwavunja moyo. Kalamu nayo inahitaji chumvi.

Katika nakala zangu za kaboni zimo barua zilizohusu Warundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo. Dunia huisifu Tanzania kwa kupokea wakimbizi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini waandishi wa vitabu wakisema "Watanzania waliwakaribisha", mimi huuliza: waliulizwa lini?

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta Tanganyika maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wanawake na watoto wengi, wakawaweka Tengeru karibu na Arusha, na kambi nyingine zikawa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Wameru wa Tengeru hawakuulizwa. Hata walipopokonywa ardhi yao wenyewe mwaka 1951 ili wapewe walowezi, iliwabidi wapeleke malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini. Mheshimiwa wa karibu wa kumwandikia hakuwepo.

Tulipopata uhuru, mbunge alikuwepo, lakini mambo ya wakimbizi hayakupita kwake. Wanyarwanda waliokimbia vurugu za Kivu, Kongo, waliletwa katika milima ya Mwesi, hukuhuku katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule, mwaka 1964. Uamuzi ulitoka juu. Huku chini tuliona malori.

Ndivyo ilivyokuwa 1972 pia, ila safari hii kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Aprili mwaka ule yalitokea maasi kusini mwa Burundi, na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu, ikianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 200,000 waliouawa, na wengine wapo wanaotaja zaidi. Walionusurika wakamiminika Kigoma. Mwalimu Nyerere akaamua wasikae mpakani bali wapelekwe ndani, wapewe ardhi na kulima kama watu wengine. Kuwaacha mpakani kulikuwa na hatari ya wazi: mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivuka na kuua Watanzania vijijini Kigoma.

Kwa jambo hilo wananchi walisema, na hawakusema kwa barua. Makuli wa bandari waligoma kugusa mizigo ya Burundi mwaka huohuo wa 1973, na nchi isiyo na bahari ikaonja makali ya bandari iliyofungwa. Katika enzi ya chama kimoja nauhesabu mgomo ule kuwa sauti kubwa kuliko maazimio mengi yaliyopigiwa makofi.

Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalianza 1972. Katumba, kwenye reli itokayo Kaliua kuja Mpanda, ikafunguliwa 1973. Ulyankulu ilipozidiwa, maji haba na ardhi imechoka, watu wengi wakahamishiwa makazi ya tatu, Mishamo, mwaka 1978, katika pori la Ubende. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) fedha, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, likasimamia kazi. Kila familia ilipewa shamba, jembe, panga, shoka na chakula cha kuvukia mpaka mavuno. Miombo ikakatwa. Mbung'o walikuwa wengi na simba pia. Mishamo ikapimwa vijiji 16 vyenye barabara zilizonyooka, jambo ambalo sisi wenyeji tulilitazama kwa wivu. Ndiyo, wivu. Wao walichimbiwa visima na kujengewa zahanati, na sisi wa Kibaoni na Mpimbwe yote tulikuwa tumetoka kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, pori tulimokuwa tukirina asali na kuwinda limetangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na bomba la maji hatujaliona. Lau mtu angeniambia wakati ule niandike barua ya kuwakaribisha, nadhani ningepata sahihi chache.

Kilichobadilisha mambo ni gunia. Ndani ya miaka michache Katumba iliacha kula chakula cha msaada ikaanza kuuza. Mahindi, maharage, karanga, muhogo, na baadaye tumbaku iliyoingiza fedha kwenye vyama vya msingi na ushuru kwenye halmashauri. Wafanyabiashara wa Mpanda walijenga nyumba za bati kwa maharage ya Katumba. Huku kwetu tunalima mpunga bondeni, na mwaka wa mvua mbaya gunia la mahindi lililopita Sitalike likija Kibaoni lilikuwa limetoka kwa Warundi. Muuzaji mwenyewe alitembea na kibali cha kutoka makazini kilichosainiwa na mkuu wa makazi, kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, kimechakaa mikunjoni hadi kinapitisha mwanga. Bila kibali hicho, alirudishwa au kulala mahabusu.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kumaliza suala la wakimbizi wa 1972, ambao pamoja na watoto na wajukuu walikuwa wamefika takribani 218,000. Kila mmoja aulizwe: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania? Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Zaidi ya 50,000 walirejea kwao. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yakakubaliwa, na magazeti ya nje yakaandika kwamba hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kutoa uraia kwa wakimbizi wengi hivyo kwa mpigo.

Lakini palikuwa na sharti. Makazi yafungwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa 16 ya Tanzania Bara. Vyeti wangevipata wakishahama. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, wachanganyike na Watanzania wengine wasibaki kisiwa. Kwa watu wenyewe maana yake ilikuwa kufukuzwa mara ya pili. Hapo ndipo Katumba ilipoganda. Kwa nini upande mwembe ambao hutauona ukizaa? Kwa nini uezeke bati? Nyumba zilizopasuka ukuta ziliachwa hivyohivyo, na shule hazikukarabatiwa kwa kuwa zilihesabika za kufungwa. Uraia wa Burundi walikuwa wameukana, wa Tanzania ulikuwa kwenye karatasi walizozuiwa. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ukapita wao wakitazama.

Siku moja katika kipindi hicho alikuja kwangu mzee wa Katumba, muuza maharage, pamoja na wafanyabiashara wawili wa Mpanda. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Tumekuja utuandikie kwa mbunge." Nikamwuliza mbunge yupi. Akacheka. "Mimi sina mbunge, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja na hawa."

Maneno hayo yalikuwa na siasa zaidi ya semina nilizowahi kukalishwa. Mheshimiwa husoma barua akitafuta kura nyuma yake, na mzee yule hakuwa nayo. Kwa hiyo alikwenda kutafuta majirani wenye kadi za kupigia kura ili waseme kwa niaba yake. Wafanyabiashara wale walitaka niandike kwamba Warundi wakiondoka soko la mazao la Mpanda litakufa. Mzee alitaka iandikwe kwamba makaburi ya wazazi wake yako Katumba. Tulivutana. Nikaweka soko aya ya pili na makaburi aya ya tatu, kwa sababu najua aya ya pili ndiyo husomwa. Neno huruma halikuingia. Mzee mwenyewe alilikataa, akasema ameshalipia chakula chake tangu miaka ya sabini.

Sitadai kwamba barua ile ilibadilisha lolote. Yaliyobadilisha mambo ni mengi. Viongozi wa mikoa iliyopangiwa wageni walikuwa wakiuliza ardhi iko wapi, fedha ziko wapi, na mbona hawakushirikishwa. Fedha za kuhamisha watu wengi hivyo nazo hazikupatikana vya kutosha. Agosti 2011 mpango wa kuwahamisha ukasimamishwa. Oktoba 2014, Rais Kikwete akiwa madarakani, vyeti vikaanza kutolewa, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Kwa wengi wao Uchaguzi Mkuu wa 2015 ulikuwa wa kwanza.

Angalia basi jinsi mambo yalivyokwenda. Pingamizi la mikoa mingine, lililosema "msituletee", na ombi la majirani wa Mpanda, lililosema "msituondolee", yalisukuma upande mmoja. Waliowakataa na waliowataka walimsaidia mzee yule sawasawa. Historia haiheshimu sana nia za watu.

Sauti ya wananchi pia si lazima iseme "karibu". Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Watu wa Ngara na Karagwe wakalalamikia miti iliyokatwa, mifugo iliyoibwa, silaha zilizoingia. Walikuwa na sababu. Machi 31, 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu virudi, serikali ilifunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao kwa shinikizo la wazi. Mfumo uleule wa kura uliotusaidia Katumba ndio uliofunga mlango kule. Anayetaka viongozi wapokee wakimbizi hana budi kujua hilo kabla hajanunua karatasi.

Tofauti naiona katika muda. Ngara walipata miaka isiyofika mitatu ya kuwazoea watu wengi kuliko wao, waliokaa kambini wakila mgao. Mpanda tulipata miaka karibu arobaini, ya kununua maharage, kuoana, kukopeshana mbegu, kucheza mpira na kuzikana. Sahihi za majirani kwenye barua ile hazikutoka kwenye wema wa kuzaliwa nao. Zilitokana na ardhi ambayo Nyerere aliwapa Warundi bila kutuuliza, na nasema leo kwamba alifanya vyema kutotuuliza, ingawa kama mwandishi wa barua za wananchi sipendi kulisema.

Nina ombi moja kwa madiwani wa halmashauri za Mpimbwe, Nsimbo na Tanganyika. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012 ukimegwa kutoka Rukwa, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mambo yetu yaliendeshwa kutoka Sumbawanga. Simamisheni hoja kwenye baraza barua za wananchi za miaka ile zitafutwe, zipangwe, zihifadhiwe Mpanda, zenye muhuri na zenye dole gumba. Nakala zangu za kaboni nitazitoa bure. Zinafifia, na mchwa wa Kibaoni hawasubiri kikao cha robo mwaka.