Kupima Wanafunzi: Toka Karatasi ya Mtihani Hata Mashine

Likunja ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera. Mtoto wa huko, ambaye aghalabu husikia Kimwera nyumbani, hupimwa shuleni kwa Kiswahili; na mtihani wa taifa humfikia siku ileile, kwa maswali yaleyale wapewayo wenzake wote.

Desturi hiyo ililaumiwa zamani. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kazi za kila siku nazo zihesabiwe, mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Lakini mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuandika kila jibu la kila mtoto. Mashine yaweza.

Jaribio kubwa la jambo hili kwa Kiswahili halikufanyika Lindi, bali Tanga, tangu mwishoni mwa 2017 hata mapema 2019. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto karibu 2,700, wengi wao wasiopata kwenda shule. Kila mtoto alijifunza kwa mwendo wake, na majibu yake yakarekodiwa papo hapo. Hivyo somo na mtihani vilikaribia kuwa kitu kimoja. Katika mtihani wa kawaida muda ni mmoja na alama ni mbalimbali. Katika mafunzo ya namna hii kiwango chaweza kuwa kimoja, na muda ukatofautiana.

Walakini kinyozi hajinyoi. Programu hizo hazikuachwa zijisifu: watoto walipimwa mmoja mmoja kwa mtihani wa nje, wakasoma silabi na maneno ya Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi yao ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana tuzo.

Programu nyingine iliyofika fainali, RoboTutor, iliundwa hata kumsikiliza mtoto akisoma. Hapo ndipo penye swali la lugha. Mtoto wa Likunja akisoma neno sawasawa kwa lafudhi ya Kimwera, je, amekosea? Mwalimu aliyezoea watoto hao hupambanua kosa la kusoma na matamshi ya nyumbani. Mashine haijui ila sauti ilizofundishwa. Basi kabla ya kuifanya mtahini, yapasa kwanza isikilizishwe Kiswahili cha watoto wa Kimwera.