Jinsi Waayalandi Walivyojitwalia Barabara ya New York

Kila tarehe 17 Machi, barabara ya Fifth Avenue jijini New York hufungwa kwa magari na kuachiwa waenda kwa miguu. Watu wapatao 150,000 huipita kuanzia mtaa wa 44 hadi wa 79: askari, zimamoto, polisi, wanafunzi, bendi za zumari za mfuko, na vyama vya watu wa kaunti za Ayalandi, kila kimoja na bendera yake. Hakuna malori yaliyopambwa wala magari ya matangazo. Ni miguu tu, saa baada ya saa, hadi alasiri. Mgeni anayepanga safari ya kwenda kulitazama gwaride hilo huambiwa mara nyingi kwamba atashuhudia mila ya kale iliyovushwa Atlantiki kutoka Ayalandi. Historia haikubaliani na maelezo hayo. Gwaride la Mtakatifu Patrick lilizaliwa Marekani na likakomaa katika ugomvi wa kisiasa wa miji ya Marekani. Ayalandi yenyewe ililipokea baadaye sana. Ninavyoliona, gwaride hili ni dai lililotolewa kwa miguu: watu waliodharauliwa walitaka jiji likiri mbele ya macho ya wote kwamba nao ni wenyeji. Anayekwenda bila kulijua hilo ataona rangi ya kijani na asione kilichowatoa watu nyumbani kwao katika baridi ya mwezi Machi.

Tuanze na Ayalandi, kwa maana ndiko wengi wanakodhani chanzo kiko. Patrick, mmisionari wa karne ya 5 aliyezaliwa Uingereza na kupelekwa Ayalandi mara ya kwanza akiwa mtumwa, alikumbukwa huko kwa karne nyingi kwa misa na mapumziko ya siku moja katikati ya Kwaresima. Siku yake ilifanywa sikukuu ya taifa kwa sheria ya mwaka 1903, wakati Ayalandi ikingali chini ya Bunge la London. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1927 iliamuru baa zifungwe siku hiyo, na zikabaki zimefungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jijini Dublin watu walitazama gwaride la jeshi, kisha wakarudi nyumbani. Tamasha kubwa la mji huo, ambalo watalii wanalifuata leo, lilianza mwaka 1996. Kufikia hapo, New York ilikuwa imeandamana kwa zaidi ya miaka 230. Mtu atauliza: kama mila ilitoka Ayalandi, mbona iliwachukua wenyewe muda wote huo kuifahamu? Jibu ni kwamba nyumbani hawakuwa na haja nayo. Aliye kwao hana sababu ya kutembea katikati ya barabara ili athibitishe kuwa yupo.

Hata New York haikuanza na dai hilo. Gwaride la kwanza linalohesabiwa na waandaaji ni la mwaka 1762, miaka 14 kabla ya Azimio la Uhuru wa Marekani, na waliotembea walikuwa Waayalandi wachache wa mjini pamoja na wenzao waliokuwa wakitumikia jeshi la Uingereza. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru, kikosi kilichoitwa Volunteers of Ireland kiliandamana mjini humo siku ya Patrick, na kikosi hicho kilikuwa kimeundwa ili kipigane upande wa mfalme. Katika Boston, chama cha hisani kilichoadhimisha siku hiyo mwaka 1737 kilikuwa cha Waprotestanti wenye nafasi zao. Hawa hawakuwa watu waliofukuzwa milangoni. Gwaride lao lilikuwa burudani ya askari na karamu ya wafanyabiashara, na lau mambo yangebaki hivyo, pengine lingekufa kama zilivyokufa sherehe nyingi za enzi ile.

Njaa ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kuanzia mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi mviringo katika mashamba ya Ayalandi, na viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi na jioni. Hadi mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama, huku nafaka na mifugo ya Ayalandi ikiendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa nje. Katika sensa ya mwaka 1855, zaidi ya robo ya wakazi wa New York walikuwa wamezaliwa Ayalandi. Walifika wakiwa wamechoka na wengi wao Wakatoliki, katika nchi ambayo Waprotestanti waliona Ukatoliki kuwa utiifu kwa mtawala wa kigeni. Mwaka 1844 makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto Philadelphia. Katika miaka ya 1850 chama cha kisiasa kilichojulikana kwa jina la Know Nothing kilishinda chaguzi kwa kuahidi kuwabana wahamiaji na Wakatoliki. Chama cha Ancient Order of Hibernians, kilichoanzishwa New York mwaka 1836, kilizaliwa katika hofu hiyo, na baadaye ndicho kilichosimamia gwaride kwa sehemu kubwa ya historia yake. Askofu Mkuu John Hughes, mzaliwa wa Ayalandi, alijibu kwa mawe: mwaka 1858 aliweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick kwenye Fifth Avenue, mahali palipokuwa mbali na mji kiasi kwamba watu waliliita upumbavu wa Hughes. Lilipofunguliwa mwaka 1879, mji ulikuwa umelifuata. Leo askofu mkuu husimama mbele ya kanisa hilo kuwapokea waandamanaji, na sioni ushahidi mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi watu waliotazamwa kama uchafu wa bandarini walivyofika katika barabara ya matajiri.

Utaratibu wa gwaride unasimulia habari hiyohiyo. Wanaoongoza ni Kikosi cha 69 cha New York, kikosi cha Waayalandi. Mwaka 1860 kamanda wake, Michael Corcoran, alikataa kuwatoa askari wake waandamane kumheshimu mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza aliyekuwa akiizuru New York. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, serikali ikawahitaji askari, mashtaka yakafutwa, na Corcoran akaenda vitani na kikosi chake, ambako alitekwa. Watu walewale walioitwa wasaliti kwa kukataa kuandamana walikwenda kufia nchi mpya. Kisha likaja suala la kura. Mwaka 1888 Meya Abram Hewitt alikataa kulikagua gwaride na kukataa bendera ya Ayalandi ipepee juu ya ukumbi wa jiji, akisema wahamiaji hawapaswi kupewa upendeleo. Novemba ya mwaka huo alishindwa uchaguzi. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, ikiwemo kukosana na mtandao wa wanasiasa wa Tammany uliotawala kura za jiji, lakini mameya waliomfuata walijifunza kutembea.

Hapa msomaji makini ana haki ya kunipinga. Atasema ninawapamba watu hawa, kwa kuwa waliodai nafasi waliwanyima wengine nafasi hiyohiyo. Ni kweli, na uzito wake haufai kupunguzwa. Julai 1863, katika ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, makundi yenye Waayalandi wengi yaliwawinda watu weusi wa New York, yakawaua na kuwatundika, na kuchoma kituo cha watoto yatima weusi kilichokuwa kwenye Fifth Avenue hiyohiyo. Tarehe 12 Julai 1871, Waayalandi wa Kiprotestanti walipotaka kuandamana kukumbuka ushindi wao wa kale dhidi ya Wakatoliki, barabara iligeuka uwanja wa vita. Wanamgambo waliokuwa wakiwalinda walifyatua risasi kwenye umati, na zaidi ya watu 60 wakafa. Matukio haya hayaibomoi hoja yangu. Yanaonyesha kwamba wote waliohusika, wenye chuki na wenye haki, walijua kuwa anayepita katikati ya barabara anatangaza umiliki. Watu hawafi kwa ajili ya mapambo.

Mfano ulio karibu na wakati wetu ni wa mwaka 1991. Tawi moja la chama cha Hibernians lilikaribisha kundi la Waayalandi mashoga na wasagaji watembee pamoja nalo, na David Dinkins, meya wa kwanza mweusi wa New York, akaiacha nafasi yake ya mbele akatembea nao. Walizomewa na kurushiwa bia njia nzima. Dinkins alifananisha siku hiyo na maandamano ya haki za raia ya miaka ya 1960 huko Birmingham, Alabama. Waandaaji waliwafungia mlango, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Boston, iliamua kwa kauli moja kwamba gwaride ni namna ya kutoa kauli, na mwenye gwaride halazimishwi kusema asichotaka kusema. Wenye kuamini kwamba haya ni matembezi ya sikukuu tu hawana budi kuisoma hukumu hiyo. Mlango ulifunguliwa hatua kwa hatua baada ya wafadhili na wanasiasa kujiondoa: kundi la kwanza la aina hiyo lilipita mwaka 2015, na mwaka 2016 likapita kundi la Waayalandi wenyewe. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya suala hilo. Ila pande zote mbili zilipigania nafasi kwenye mstari, na zilipigania kwa miaka 25.

Pingamizi la mwisho ni jepesi zaidi ila ndilo husikika sana: leo kumebaki pombe, kofia za kijani na mto wa Chicago uliotiwa rangi. Ulevi upo, na unawaudhi hata waandaaji. Lakini hata ule mto una historia ya kazi. Rangi yake ilianza mwaka 1962, na walioimwaga ni mafundi bomba wa chama cha wafanyakazi cha mji huo, ambao walikuwa wakitumia dawa ya rangi kutafuta mahali majitaka yanapovujia mtoni. Meya alikuwa Richard J. Daley, mjukuu wa wahamiaji kutoka Ayalandi, na chama cha mafundi ndicho kinachoumiliki utaratibu huo hadi leo. Nguvu ya Waayalandi wa Chicago ilikuwa katika vyama vya kazi na ukumbi wa jiji, na mto huo wa kijani unaitangaza.

Kwa Mkenya, jina la Patrick huenda linamkumbusha kwanza shule ya Mtakatifu Patrick ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976 na kuwanoa mabingwa wa riadha akiwemo David Rudisha. Waayalandi walikuja Kenya wakiwa walimu na wamisionari, kama masista wa Loreto waliofika mwaka 1921. Waliokwenda New York walikwenda wakiwa na njaa. Ndiyo maana huko waliandamana, na huku hawakuwa na haja hiyo.

Basi unayepanga kwenda, usisimame popote tu. Ukitaka kuona maana ya gwaride, tafuta nafasi karibu na kanisa kuu, kati ya mitaa ya 50 na 51, utazame nani anasimama kupeana mkono na askofu mkuu na nani anapita. Mwaka 1983 kiongozi wa gwaride alikuwa Michael Flannery, aliyejulikana kwa kuwaunga mkono wapiganaji wa IRA, kundi lililopinga kwa silaha utawala wa Uingereza katika Ayalandi ya Kaskazini. Kadinali Terence Cooke hakutoka nje hadi mzee huyo alipokwisha kupita, na ujumbe ukafika bila hotuba. Hesabu bendera za kaunti: ni 32, ingawa Jamhuri ya Ayalandi ina 26, na sita zilizozidi ziko chini ya Uingereza. Ukitaka nafasi ya kupumua, panda hadi mitaa ya 60 na 70, pembezoni mwa Central Park. Acha gari, tumia treni ya chini ya ardhi, vaa nguo nzito, na usinywe pombe barabarani, kwani sheria ya jiji inakataza. Tarehe 17 ikiangukia Jumapili, gwaride hufanyika Jumamosi. Wahi kabla ya saa tano asubuhi, maana Kikosi cha 69 hupita mwanzoni kabisa na hakirudi.