Kuvaa na Kuvishwa: Waigizaji wa Nafasi Moja na Jukwaa la Nakasero

Walimu wa fasihi tumezoea kuwagawa wahusika wa tamthilia katika makundi mawili: mhusika bapa, ambaye hana ila upande mmoja, na mhusika duara, ambaye hubadilika kadiri kisa kinavyoendelea. Wanafunzi hulielewa jambo hili upesi. Liko, hata hivyo, swali ambalo huulizwa kwa nadra madarasani. Je, mwigizaji mwenyewe, mtu wa damu na nyama, aweza kugeuzwa kuwa bapa? Yamkini mtu mwenye kipaji kikubwa akapewa nafasi moja, akaicheza vizuri, kisha watazamaji wasikubali tena kumwona katika nafasi nyingine? Historia ya uigizaji katika Afrika Mashariki yajibu kuwa yamkini sana. Na mahali pafaapo pa kuanzia uchunguzi huo ni kilima cha Nakasero, mjini Kampala.

Katika kilima hicho ndipo ulipo Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza wa Uganda, uliofunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru. Hapo mwanzo jukwaa lile lilitawaliwa zaidi na vikundi vya Wazungu na vya Waasia. Waafrika hawakukosa vipaji, walikosa nafasi. Tangu mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuunda kikundi cha waigizaji Waafrika, naye akaandika michezo kwa Kiluganda. Kazi ya watu kama Kiyingi ilimfungulia Mwafrika mlango wa kuyaigiza maisha yake mwenyewe kwa lugha yake mwenyewe: baba na mama, mkwe na jirani, tajiri na maskini. Kwa ufupi, ilikuwa kazi ya kuongeza idadi ya nafasi ambazo mtu aliweza kuzicheza.

Lakini Nakasero ina historia ya pili. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, kilima hicho hicho kilikuwa na makao makuu ya idara ya upelelezi iliyoitwa State Research Bureau, ambamo watu wengi waliteswa na kuuawa. Ukumbi na jumba hilo la mateso vilikuwa majirani, na ujirani huo haukukaa bila maafa. Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji aliyeusimamia ukumbi, aliupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Aliporejea nyumbani alikamatwa na watu wa Amin, akauawa. Yafaa tulikumbuke tukio hilo, kwani nafasi tutakayoizungumza hapa ni nafasi ya Amin mwenyewe. Kwa mtazamaji wa Kampala, nafasi hiyo haikuwa hadithi ya nchi ya mbali.

Kutafutwa kwa mwigizaji wa Amin kulianza hata kabla Amin hajaondoka madarakani. Baada ya Waisraeli kuwaokoa mateka wao katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Julai 1976, watengenezaji wa filamu walishindana kukitoa kisa hicho. Mwigizaji Mmarekani Godfrey Cambridge alifariki Novemba mwaka huo huo akiwa kazini kujitayarisha kumwigiza Amin katika filamu ya Victory at Entebbe, na nafasi yake ikachukuliwa na Julius Harris. Yaphet Kotto naye alimwigiza katika Raid on Entebbe. Harris na Kotto waliingia katika vazi hilo, kisha wakalivua, wakaendelea na kazi nyingine.

Haikuwa hivyo kwa Joseph Olita, Mkenya. Yeye alimwigiza Amin katika filamu ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, iliyotengenezwa nchini Kenya na kutolewa mwaka 1981. Waliokuwa wamemwona Amin kwa macho yao walistaajabu: umbo lile, uso ule, kicheko kile. Miaka kumi baadaye, Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala, filamu inayohusu familia ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, sehemu yake ilipigwa Kampala kwenyewe. Alihitajika Amin, akaitwa Olita. Naye alipofariki mwaka 2014, vyombo vya habari vilimtambulisha kwanza kuwa ndiye aliyemwigiza Amin. Mtu aliyekuwa na jina lake, kwao na jamaa zake, alisindikizwa kaburini pamoja na jina la dikteta.

Ni nini kilichomfunga Olita katika nafasi ile? Si upungufu wa kipaji, kwani asiye na kipaji haitwi mara ya pili. Naona sababu tatu. Ya kwanza ni umbo: mwenyezi wa mwili huo mkubwa na sura hiyo alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla hajatamka neno. Ya pili ni fedha. Mtengenezaji wa filamu hubahatisha mali nyingi, naye hupendelea kutumia kilichokwisha kujaribiwa. Ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko hizo mbili, ni watazamaji. Watu waliodhulumiwa na mtawala yule walitaka kumwona tena, mara hii akiwa hana nguvu juu yao, akipanda na kuanguka mbele ya macho yao. Mwigizaji aliyewapa faraja hiyo hawakumwachia aende zake.

Tumlinganishe na Forest Whitaker, Mmarekani, aliyemwigiza Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Filamu hiyo ilipigwa Uganda, na Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Oscar. Pamoja naye aliigiza Abbey Mukiibi, mtu wa jukwaa la Kampala, katika nafasi ya Masanga, mkuu wa usalama wa Amin. Baada ya hapo Whitaker aliendelea kuigiza watu wa kila aina, wema na waovu. Tofauti kati yake na Olita haiko katika ustadi peke yake; iko katika upana wa soko. Atokaye mahali panapotengenezwa filamu mamia kwa mwaka hupata nguo nyingi za kubadili. Atokaye mahali ambapo filamu kubwa huja mara moja kwa miaka kadhaa hubaki na nguo aliyopewa.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba kila mwenye nafasi moja ni mfungwa. Benson Wanjau wa Kenya aliigiza kwa miongo kadhaa kama Mzee Ojwang' katika michezo ya televisheni, hasa Vitimbi. Yeye alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo iliyowachekesha hata Wajaluo wenyewe. Amri Athuman wa Tanga, aliyejulikana kama Mzee Majuto, aliishi katika vichekesho hadi alipofariki Agosti 2018. Huko Italia, tangu karne ya 16, waigizaji wa commedia dell'arte walishika kila mmoja sura yake, huyu mzee bahili, yule mtumishi mjanja, na wengi wao waliicheza sura hiyo moja maisha yao yote. Hawa ni mafundi. Walilikata vazi wenyewe, wakalishona, na kila mwaka wakalitia kiraka kipya. Hatari yao ni nyingine: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mchekeshaji anayeshangiliwa kwa ishara ile ile aweza kusahau kuchekesha, akabaki na ishara tupu.

Lugha yetu yenyewe yatupa kipimo cha kutenganisha mambo haya mawili. Kuna kuvaa, na kuna kuvishwa. Ojwang' alivaa, Olita alivishwa. Mwenye kuvaa huchagua nguo na hujua pa kuifungulia kifungo. Mwenye kuvishwa hutegemea mkono wa mwingine.

Na hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna deni la pekee, kwa kuwa huko Uganda lugha yetu pia ilivishwa. Kiswahili kilitumika katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles, kikabaki kuwa lugha ya kambi. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wengi walikuwa wamekizoea kama sauti ya amri kwenye vizuizi vya barabarani. Matokeo yake yaonekana jukwaani. Katika michezo mingi ya Kampala, baba huzungumza Kiluganda na mwanasheria Kiingereza. Atokeapo mtu akisema Kiswahili, aghalabu ni askari au ni mwizi. Lugha yenye mashairi ya mapenzi na ya hekima imepewa nafasi moja tu, na nafasi yenyewe ni ya mtu wa kutisha.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kikundi cha maigizo cha Chuo Kikuu cha Makerere kilichoanza safari zake mwaka 1965 kilizunguka miji na vijiji vya Uganda na Kenya kikiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha kadhaa za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwamo. Sheria nazo zimebadilika: marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini azimio la serikali halimvui mtu vazi ambalo watazamaji wamekwisha kumzoea nalo. Kazi hiyo hufanywa na mchezo mwingine, wenye nafasi nyingine.

Basi, ndugu walimu, tunapotayarisha michezo ya shule, tutazame jinsi tunavyogawa nafasi. Mwanafunzi mnene asiwe mfalme kila mwaka, wala mwenye sauti nyembamba asiwe mtumishi kila mwaka. Na tunapoandika mchezo wa Kiswahili utakaochezwa Uganda, hebu tumpe Kiswahili muuguzi anayembembeleza mgonjwa, tumpe binti anayemkatalia mchumba, tumpe mzee wa busara anayepatanisha majirani. Askari naye abaki, kwani ni sehemu ya historia. Lakini asiwe peke yake.